Usiku wa Taarabu Klabuni: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Kuandaa Mombasa

Taarabu ya Mombasa ni maneno kwanza. Anayekwenda kuisikiliza hufuata shairi lililopandishwa juu ya udi (ala ya nyuzi ya kudonoa), fidla na dumbaki (ngoma ya mkono), na akirudi nyumbani huwa bado analitafuna neno moja: pale alikusudiwa nani, na fumbo lile lafumbuliwa vipi? Kwa hivyo mwongozo huu una kipimo kimoja, nacho ndicho ninachokitumia kila ninapoandaa usiku wa namna hii katika klabu yetu ya mtaa: mtu aliyekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, atalisikia kila neno?

Kipimo hiki nilikipata kwa uchungu. Usiku wetu wa kwanza nilikodi mitambo kwa bwana mmoja aliyezoea disko za harusi. Alipanga spika nne za urefu wa mtu, na ukumbi wetu hauchukui watu zaidi ya 120. Mwimbaji alipofungua kinywa kuta zilitetema, na maneno yakageuka mvumo mmoja. Safu ya mbele alikaa bibi mmoja wa Kibokoni, leso mpya, kikuba cha asumini kifuani, aliyefika kabla ya watu wote. Baada ya wimbo wa pili akanishika mkono. "Mwanangu," akaniambia, "mimi nimekuja kusikia. Hapa natetemeshwa tu." Nikamsindikiza hadi kwenye tuktuk. Haikuwa imetimia hata saa nne. Yote yafuatayo nimeyapanga ili lile lisitokee tena.

Hatua ya 1: Chagua usiku kabla ya kuchagua mwimbaji

Anza miezi miwili kabla, na uwe na kalenda mbili mkononi, ya kawaida na ya Kiislamu. Ramadhani iondoe moja kwa moja. Mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, harusi ni nyingi na wapigaji wazuri huwa wameshashikwa. Ukiutaka mwezi huo, weka miadi mapema zaidi. Mfunguo sita ni mwezi wa maulidi, na wazee wengi wa mtaa watakuwa huko. Alhamisi jioni ni usiku wa Ijumaa, uache. Jumamosi ndiyo inayofaa, kwa kuwa watu hawaendi kazini asubuhi yake.

Kisha tazama mvua. Kumbi nyingi za klabu za mtaani zimeezekwa mabati, na mvua ya masika ya Aprili na Mei ikianza kupiga bati hakuna udi utakaosikika. Vuli ya Oktoba na Novemba nayo ina vishindo vyake. Januari hadi Machi, wakati wa kaskazi, joto huwachosha wasikilizaji kabla ya wimbo wa tatu. Mimi napenda Julai na Agosti, kusi likivuma na usiku una ubaridi kidogo.

Saa ya kuanza ni baada ya Isha. Hapa Mombasa jua huchwa kati ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa moja kasorobo, mwaka mzima, kwa hivyo saa mbili u nusu watu wameshasali na kula. Maliza saa tano u nusu. Wakaao Likoni wana feri ya kungojea, na wa Kisauni na Changamwe wana matatu zinazozidi kupungua kila saa inavyosogea.

Jambo jingine ambalo halimo kwenye kalenda yoyote: jirani akifiwa, usiku wenu umeahirishwa. Usingoje kuambiwa. Waeleze wapigaji tangu siku ya makubaliano kwamba huenda ikawa hivyo, na mkubaliane tarehe ya akiba. Hakuna mwanamuziki wa pwani atakayekulaumu.

Hatua ya 2: Ukumbi na ruhusa

Klabu ninayoizungumzia ni ile ya kawaida: chumba kirefu, meza za keram na dhumna, kabati la vikombe vya timu ya mpira, feni tatu darini. Hicho kinatosha. Ukitafuta ukumbi mkubwa zaidi utalazimika kuongeza sauti, na ukiongeza sauti unaanza kupoteza maneno.

Kama klabu inauza pombe, zungumza na kamati mapema ili kaunta ifungwe usiku huo. Wapigaji wengi na karibu wazee wote wa Mji wa Kale hawataingia pasipo hivyo, na hao ndio unaowaandalia. Lipia fidia ikihitajika, uiweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Ruhusa zifuate kwa miguu yako. Nenda kwa mzee wa mtaa, kwa chifu, kituo cha polisi kilicho karibu, na ofisi ya kaunti, ukiwa na barua inayotaja tarehe, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na viwango vyake vya usiku ni vya chini kuliko vya mchana. Nyimbo nazo zina wenyewe: iulize Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ni shirika gani lenye idhini ya kutoa leseni ya muziki wa hadharani mwaka huo, ulipe huko. Kisha bisha hodi nyumba kumi zinazouzunguka ukumbi, uwaalike. Jirani aliyealikwa halalamiki.

Hatua ya 3: Sema ni taarabu gani

Hapa ndipo waandalizi wengi huteleza. Wanampigia simu mpigaji na kumwambia, "Nataka taarabu," kama anayeagiza samaki bila kusema wa kukaanga au wa kupaka. Taarabu ya pwani yetu ina njia kadhaa, na kila njia ina ala zake na watu wake.

Iko ile ya Unguja, ya safu ya fidla, kanuni (ala ya nyuzi nyingi ya kulazwa) na waitikiaji wengi, iliyolelewa na vyama kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, alitoka huko huko Unguja, na akaimba Kiswahili pale ambapo watangulizi wake waliimba Kiarabu. Mombasa tulichukua tukaongeza yetu. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliyapanda mashairi ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, juu ya mahadhi ya Kihindi, na mengi ya mashairi hayo aliyatunga Ahmad Nassir, malenga wa mji huu. Zein l'Abdin alikuja na udi na harufu ya Lamu. Zuhura Swaleh na Maulidi Juma walifungua mlango kwa mapigo ya ngoma za kina mama, chakacha na vugo, na kwa Zuhura utasikia taishokoto, ala ya nyuzi yenye vibonyezo iliyotoka Ujapani ikafanywa mwenyeji hapa.

Kwa hivyo unapozungumza na kiongozi wa kikundi mwambie: nataka nusu ya kwanza ya udi na mashairi mazito, nusu ya pili ya Kihindi kidogo na chakacha mwishoni. Atakuelewa mara moja, na atajua amwite nani. Taarabu ya kisasa ya kinanda, gita na mipasho ina wapenzi wake na usiku wake. Usiichanganye na huu.

Kikundi cha watu tisa kinatosha ukumbi wa watu mia: udi, fidla mbili, kinanda au kanuni, dumbaki, tabla, tari, mwimbaji, na mwitikiaji mmoja. Ukimpata mpigaji kanuni, mpe heshima yake, kwa sababu Mombasa si wengi. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti, na mwenyewe atahitaji saa nzima ya utulivu kuzilinganisha.

Malipo yaandikwe kwenye karatasi, hata kama mnajuana tangu madrasa. Nusu mapema, nusu usiku ule ule kabla watu hawajapanda gari. Katika kila shilingi 100 utakazotumia, jaribu 50 ziende kwa wapigaji. Ukiona mitambo na mapambo yanakula zaidi ya hapo, rudi mezani upange upya. Na tuzo je, zile noti wasikilizaji wanazompa mwimbaji? Zungumzeni mapema: ni za mwimbaji peke yake, au zinaingia kapu moja na kugawanywa? Nimeona kikundi kizuri kikivunjika kwa swali hili, saa sita usiku, mbele ya wageni.

Hatua ya 4: Mashairi

Wiki nne kabla, kaa na mwimbaji na mpange orodha ya nyimbo kumi. Si zaidi. Wimbo mmoja wa taarabu, ukiwa na ala za kufungua, beti, kiitikio na taksimu ya udi (udi ukipiga peke yake) katikati, waweza kuchukua dakika 10 hadi 15, na watu wakitoka kutuza utarefuka zaidi. Kwa kila wimbo ulizeni shairi ni la nani. Mtunzi akiwa hai, nendeni kwake kuomba. Akiwa ametangulia, nendeni kwa jamaa zake. Jina lake litatajwa usiku ule kabla ya wimbo, kila mara.

Mtafute mshereheshaji anayejua ushairi. Kazi yake ni moja: kabla ya wimbo mzito alisome shairi polepole, kwa sauti ya kawaida, na kama lina neno la kale alieleze kwa sentensi moja. Fumbo lenyewe asilifumbue! Fumbo ni la wasikilizaji.

Vijana wengi siku hizi husikia taarabu bila kujua imesimama juu ya nini, na robo dakika inatosha kuwaonyesha. Sisi hufungua kwa ubeti huu nilioutunga kwa ajili ya klabu:

Njoo jirani uketi, tusikie ya wahenga
Maneno ni kama miti, mizizi yake malenga
Tukipandisha sauti, twayakata kwa upanga

Mshereheshaji huwaomba watu wahesabu kwa vidole: mizani minane, pumziko, minane tena. Kisha huwaonyesha vina, -ti katikati na -nga mwishoni. Baada ya hapo utawaona watoto wa darasa la saba wakihesabu wimbo mzima, midomo ikicheza.

Hatua ya 5: Sauti, kwa makini

Ukumbi wa kuta za mawe na sakafu ya vigae hurudisha mwangwi, na mwangwi huyala maneno kuliko kitu chochote. Dawa yake iko majumbani. Azima mikeka na majamvi, utandike sakafu yote ya mbele, watu wakae chini kama harusini. Viti viwe nyuma kwa wazee wa magoti. Ukuta ulio mkabala na wapigaji utundike leso na mikeka, zinywe sauti. Sisi hutundika leso thelathini, kila nyumba imetoa moja, na majina ya leso huwa yenyewe ni mazungumzo ya kabla ya shughuli.

Spika mbili ndogo juu ya vigingi, usawa wa masikio ya mtu aliyesimama, zinatosha. Ziweke mbele kidogo ya wapigaji ili maikrofoni zisipige mbinja. Kwenye mikisa, mtambo wa kuchanganya sauti, punguza besi katika maikrofoni ya mwimbaji; ule uzito wa chini haumsaidii kitu, na ndio unaofunika konsonanti. Udi upate maikrofoni yake, kiasi cha shubiri moja na nusu kutoka kwenye tundu. Fidla zitosheke na moja kwa mbili. Dumbaki, tabla na tari usiziwekee maikrofoni kabisa katika ukumbi wa watu mia. Fundi atabisha. Shikilia.

Halafu jaribio. Saa kumi na moja jioni, mwimbaji asimame mahali pake, aimbe mstari ambao hujawahi kuusikia. Wewe simama mlangoni na daftari, uandike ulichokisikia. Kama kuna neno umeliacha, punguza ala, usiongeze sauti ya mwimbaji. Rudia mpaka uandike mstari wote. Kumbuka pia kwamba ukumbi mtupu hulia kuliko ukumbi uliojaa, kwa hivyo usiku fundi abaki karibu na mikisa, asiende kuvuta sigara.

Sasa hewa ya Mombasa. Unyevu hulegeza ngozi, na ala zetu ni za ngozi: tari, ngoma, hata farasi wa kanuni, kile kibao kinachobeba nyuzi, amekaa juu ya ngozi. Weka jiko la makaa nje, mahali salama, wapigaji ngoma waziote ngozi zao kabla ya kuingia na tena wakati wa mapumziko. Ala zote ziingie ukumbini saa moja kabla ya kuanza, feni zikiwa zinazunguka kwa kasi ile ile itakayotumika usiku. Nilimshuhudia mpigaji fidla amelinganisha nyuzi zake vizuri kabisa, kisha mtu mwenye huruma akaja kumgeuzia feni. Kabla ya ubeti wa pili nyuzi zilikuwa zimeshahama, naye akawa anapiga huku anatafuta sauti, jasho linamtiririka, kidevu hakibanduki kwenye fidla. Feni za upande wa wapigaji ziandikiwe karatasi: usiguse.

Umeme ukikatika, usikimbilie jenereta kwanza. Mwambie mwimbaji aendelee. Usiku mmoja ulitukatikia katikati ya ubeti, giza likaingia, na udi haukusita. Watu walinyamaza hata ukasikia kucha za mpigaji kwenye mbao. Ikiwa mmeandaa chumba vizuri, dakika hizo ndizo zitakazozungumzwa wiki nzima.

Hatua ya 6: Kukaa na kula

Kina mama wawe na upande wao wenye njia pana ya kufika mbele, kwa sababu wao ndio watuzaji wakubwa. Mlango uwe na chetezo cha udi wa kufukiza na ubani, na sinia la asumini. Watoto waruhusiwe, wakae na wazazi.

Chakula kiuzwe kabla ya saa mbili u nusu na wakati wa mapumziko, basi. Viazi karai, mishkaki, kachri na mahamri, kina mama wa mtaa watauza wenyewe na faida iwe yao. Kahawa chungu ya tangawizi na haluwa itolewe bure, kwa mgao wa klabu. Ila mwombe muuza kahawa jambo moja: wakati wa wimbo asigonge vikombe vyake. Ule mlio mtamu wa finjani unaotuita barazani ukiingia katikati ya taksimu ya udi, umeharibu kazi.

Hatua ya 7: Usiku wenyewe

Wapigaji wafungue kwa ala tupu, dakika tano hivi. Unguja huziita bashrafu. Katika dakika hizo watu hukaa, simu huzimwa, masikio huzoea. Ufuate ubeti wa kufungua, kisha wimbo wa nasaha, wa mtunzi wa Mombasa. Mapenzi yaje baada ya hapo, nyimbo mbili au tatu, mwendo wa polepole. Saa nne kasorobo mapumziko ya dakika 20. Mkirudi, mahadhi ya Kihindi na tabla, halafu mwendo uanze kuchangamka.

Kutuza kuna adabu zake, na mgeni aelezwe. Mtu huinuka kwa utaratibu, hutembea akicheza kidogo mabegani, huiweka noti mkononi mwa mwimbaji au kwenye sinia la shaba lililo mbele yake, hurudi. Habandiki noti usoni, hasimami mbele kwa picha. Wakati mwingine mama huinuka kwenye mstari fulani hasa, noti ameiinua juu, macho ameyaelekeza pembe moja ya ukumbi, na kila aliyemo anajua ujumbe umefika kwa nani. Huo ni uhuru wake. Mshereheshaji asitie neno. Mhazini awe na chenji ya noti za 50 na 100 mlangoni, maana wengi huja na noti ya 1000 na hamu ya kutuza mara kumi. Tuzo za simu zinakubalika, lakini ziingie kwenye laini ya kikundi iliyokubaliwa kwenye ile karatasi ya mapatano.

Saa tano, fungua chakacha. Kina mama wajifunge leso viunoni, majamvi ya katikati yakunjwe, na hapa ngoma zipate ruhusa ya kunguruma. Mwaka mmoja tuliwaalika wapigaji sengenya wa Kidigo wakaja na nzumari yao na ngoma zao kumaliza usiku, na wazee wetu wa Mji wa Kale waliinuka wote. Ukiwaalika, walipwe sawa na wapigaji taarabu. Saa tano u nusu, wimbo wa kuagana, taa zote ziwashwe.

Hatua ya 8: Baada ya watu kuondoka

Lipa kila mtu kabla hajavuka kizingiti, mbele ya mhazini, kwa sahihi. Hesabu leso za ukutani na mikeka, uandike iliyopotea. Asubuhi ya Jumapili nyumba zile kumi zipate salamu zako tena.

Kama mlirekodi, na mlikuwa na idhini ya wapigaji kwa maandishi, nakili nyimbo kwenye flashi. Nakala ya kwanza ni ya mtunzi. Mpelekee mwenyewe, kabla wiki haijaisha, na kama ni mzee asiyetumia kompyuta, nenda na redio ndogo ya kuchomeka. Kaeni barazani, msikilize pamoja mpaka mwisho, na kalamu uwe nayo, kwa sababu atakwambia ni neno gani mwimbaji alilikosea.